Waya wa Honi

Katika mtaa wa mafundi wa magari nyuma ya stesheni ya Tanta, nchini Misri, Bayumi ndiye aliyekuwa wa mwisho kushika ile desturi: hufungui kazi ya fundi mwenzio mpaka umwite aje aione ikifunguliwa. Zamani hata mlevi wa mtaa aliijua. Fundi akiitwa alikuja na tonge mdomoni, akasimama kando ya gari, akajitetea au akatahayari, na mwenye gari akasikia yote kwa masikio yake. Siku hizi wanafungua kazi za wenzao kama mwizi afunguavyo kabati. Wanamtukana mtu kisogoni, na mwenye gari analipa mara mbili.

Bayumi alikuwa fundi wa umeme wa magari, mjane, hakujaliwa mtoto. Duka lake alilirithi kwa baba yake, na alikwisha kuahidi kwamba Ijumaa, baada ya sala, atamkabidhi mpwa wake Tharwat mbele ya wazee wa mtaa. Tharwat alijifunzia kazi humo humo, kisha akaenda kujitafutia karibu na soko. Mama yake, Insaf, dada wa Bayumi, alikwisha nunua sharbati ya siku hiyo.

Jumatano asubuhi likaingia gari la dereva Wagih, Pijo kuukuu ya abiria saba inayokwenda mji wa Mahalla na kurudi.

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam. Mbona umekuja kimya? Wewe husikika tangu darajani."

"Ndiyo taabu iliyonileta. Nikipiga honi, redio inakufa."

"Inakufa?"

"Inakufa kabisa. Nikiiacha honi, inafufuka. Msomaji wa Kurani yuko katikati ya aya, mimi napiga honi, kimya! Abiria wananigeukia: 'Haji, muogope Mungu, usimkate msomaji.' Basi nimeacha kupiga honi."

Bayumi aliweka chini gilasi yake ya chai. "Umeacha honi? Njia ya Mahalla?"

"Jana nimekwaruzana na mkokoteni wa vitunguu. Mwenye punda ananiuliza, 'We mwanadamu, huna honi?' Punda mwenyewe alinitazama kama ananihurumia. Na sasa kuna harufu, fundi. Kama mpira unaungua."

"Nani kakufungia redio hii?"

Wagih akatazama viatu vyake. "Sitaki kuwagombanisha watu."

"Nimekuuliza nani."

"Tharwat wako."

Bayumi alikwenda mkahawani akaomba simu, akampigia mpwa wake, akarudi, akakaa kwenye kiti bila kuligusa lile gari. Tharwat alikuja kwa pikipiki, nywele zimepakwa mafuta, mkononi mkate wa maharage ameuuma nusu.

"Mjomba! Umeniita mbio hivyo nikadhani umekufa."

"Ningekufa usingeitwa na mimi. Simama hapa."

Akaivuta redio kutoka kwenye dashibodi, na nyuma yake zikafuata nyaya kama utumbo wa kuku. Ile plagi ya kiwandani ilikuwa imekatwa ikatupwa. Nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa vidole tu, bila hata tone la risasi ya kulehemia, zikazungushiwa plasta ya kufungia vidonda. Waya mwembamba kama uzi wa kushonea magunia ulikuwa umeyeyuka ganda lake, shaba iko uchi, inagusana na bati. Bayumi aliufuata waya ule kwa kidole mpaka ulikoishia.

"Umeme umeutoa wapi?"

"Kwenye waya wa honi."

"Kwa nini?"

"Mjomba, Misri nzima waya wenye uhakika ni huo huo. Taa za dereva hufa, breki hufa, honi yake haifi. Huna haja ya kupima. Unakata, unaunga, dakika kumi umemaliza."

Wagih alicheka kabla hajajizuia. Bayumi alimtazama, kicheko kikakatika.

"Na hii?" Bayumi alichomoa fyuzi. Ilikuwa imeviringishiwa karatasi ya fedha ya paketi ya sigara.

"Ilikuwa inaungua kila mara."

"Ilikuwa inaungua! Fyuzi inakulilia kwamba njia imezidiwa, wewe unaiziba mdomo! Mtu huyu anabeba wake za watu, anabeba watoto wa watu, wewe umempa jiko chini ya magoti!"

"Usinipigie kelele mbele ya mteja. Miaka sita umenifundisha nini? Kukushikia taa! Nikigusa chuma cha kulehemia, unaninyang'anya."

Neno hilo lilimchoma Bayumi kwa kuwa lilikuwa na chembe ya ukweli, na ukweli haukumpoza hata kidogo. Mishipa ya shingo ilimsimama. Hata hivyo akachukua chuma cha kulehemia, akakigeuza, akamnyooshea mpwa wake mpini.

"Haya. Leo sinyang'anyi. Ng'oa uchafu wako wote. Irudishie honi njia yake. Vuta waya mpya kutoka kwenye betri, uwe na fyuzi yake, ulehemu kila kiungo. Mimi nakaa hapa, sifungui mdomo. Ukimaliza, Ijumaa iko palepale."

Tharwat alitazama ule mpini, kisha akatazama saa.

"Nina magari matatu yananingoja. Mwambie Haji Wagih alete redio mpya, hii ni ya mwaka wa mafuriko. Na benchi lako hili la kazi usijichoshe kulifuta, Ijumaa nalitoa. Hapa panataka vioo, taa za rangi, vibandiko. Nani analipia kulehemu siku hizi?"

"Hushiki?"

"Sishiki. Na usiponipa mimi, mjomba, utampa nani? Utazikwa na duka?"

Akamalizia mkate wake, akawasha pikipiki, akaenda.

Bayumi alifanya kazi mpaka alasiri, akitukana chini kwa chini. Aliwatukana vijana wa vibandiko, akaitukana plasta, akamtukana hata yule aliyevumbua dakika kumi. Kila kiungo alikisokota, akakilehemu, akakivisha ganda, akazifunga nyaya pamoja kwa uzi wa nta kama baba yake alivyofanya. Spika moja ilikuwa na waya mmoja tu, upande wa pili umefungwa kwenye bati la mlango. Hiyo nayo akaivutia waya wake wa pili. Wagih alimletea chakula, kikapoa.

Redio ikitoka kwa fundi, sauti ya kwanza ni ya msomaji, nyimbo baadaye. Wagih aliingiza kaseti. Aya ilipofika katikati, Bayumi akasema, "Piga."

Wagih alipiga honi mpaka wanawake wakachungulia madirishani. Msomaji aliendelea, hakukatika hata pumzi moja. Dereva yule aliondoka akipiga honi mtaa mzima kama anapeleka bibi harusi, wala hapakuwa na kitu mbele yake cha kupigiwa.

Bayumi alinawa mikono, akaenda mlango wa pili kwa Hilali, muuza kushari ya wali na dengu, ambaye kwa miaka alikuwa akimsumbua ampangishe duka apanulie jiko lake.

"Bado unalitaka?"

"Duka? Si unampa mpwa wako?"

"Leta masufuria yako."

Jua halijazama, Insaf aliingia, mtandio umemteleza kichwani.

"Bayumi! Duka la baba yetu, unampa mtu wa wali na dengu?"

"Kaa unywe chai."

"Sinywi chai yako! Damu yako unaiacha barabarani kwa ajili ya nyaya?"

"Hilali akiunguza dengu anazimwaga. Mwanao akiunguza gari la watu anataka mbele ya duka papakwe rangi. Nilimpa chuma mkononi, Insaf. Mkononi! Muulize kama alikishika."

"Ni kijana."

"Ana watoto wawili!"

Insaf aliondoka bila salamu. Mlangoni alimpita Hilali, aliyekuwa akiingiza sufuria la kwanza, kubwa kuliko mlango. Bayumi alishika upande mmoja wa benchi la baba yake akaanza kuliburura kwenda nje, na Hilali alipotaka kumsaidia akafokewa aliache.