Hindi Lenye Punje za Njano

Kila mwaka ninapofika kwenye somo la urithi wa viumbe, huwa siwezi kusimama mahali pamoja. Wanafunzi wangu hudhani ni mtindo wangu kufundisha nikitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Nikiandika ubaoni kwamba kila kiumbe hupokea nusu ya urithi wake kwa mama na nusu kwa baba, mkono hauna shida. Shida huanza ninapogeuka na kuziona zile nyuso, kila mmoja akijipima kimoyomoyo na ndugu zake, pua kwa pua, rangi kwa rangi. Hapo miguu huanza kudai njia.

Nilikuwa kidato cha tatu jambo lenyewe lilipotupata. Tulikuwa tumehamia katika kijiji cha ujamaa nje ya mji wa Kilosa, nyumba zimepangwa kwa mistari kama miche, mashamba yetu ya zamani yamebaki mbali. Baba alizaliwa katika kambi ya vibarua wa mkonge, mwana wa mtu aliyetoka bara kwa mkataba na asirudi tena kwao. Mama yake alifariki baba angali ananyonya. Hakuachwa na picha, wala kambini hapakuwa na mtu aliyebaki wa kumweleza habari zake. Mama yangu, kwa upande wake, alikuwa mtu wa uwanda huu huu. Ukimuuliza ukoo wake, atakutajia mababu hadi usingizi ukuchukue. Wote wawili walikuwa weusi wa kung'aa, na ndugu zangu wote wakawafuata. Mimi peke yangu nilitoka mweupe, rangi ya maji ya kunde iliyopauka, na nywele zenye wekundu juani. Nilirithishwa jina la yule bibi asiyejulikana, na kwa sababu hiyo baba aliniita "mama". Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuona ajabu. Rangi yangu ilikuwa kama kimo cha kaka yangu: jambo lililopo tu.

Kisha ukaja mwaka wa njaa, na pamoja na njaa ukaja unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ambao watu waliula huku wakiulaumu. Safari moja tuligawiwa mahindi yenyewe badala ya unga. Yalikuwa ya kuliwa. Lakini mkulima akishika punje kubwa, iliyojaa, mkono wake huanza kufikiri mambo mengine. Na wapo walioacha watoto walale na uji mwepesi ili wapande kidogo pembeni mwa shamba la kijiji. Msimu uliofuata mvua zilikubali. Tulipomenya mahindi yetu meupe, tukakuta kila hindi lina punje za njano zilizotawanyika ovyo, tatu hapa, moja kule, kama meno ya dhahabu.

Kijiji kikachafuka. Wapo waliosema shamba limerogwa, na wapo waliosema mbegu tuliyopewa ilikuwa ya udanganyifu. Mwenyekiti akaomba bwana shamba aje kutueleza, naye akaja, kijana mwenye soksi ndefu, tukakusanyika katika uwanja wa ofisi ya kijiji.

"Ndugu wananchi, hapa hakuna mchawi," alisema, akiinua hindi lenye maganda yake. "Mnaziona hizi ndevu? Kila uzi mmoja unakwenda kwenye punje yake moja. Vumbi la mbelewele, lile ua la juu ya shina, likidondoka juu ya uzi, punje imepata baba. Vumbi likitoka kwenye shina la mahindi meupe, punje inakuwa nyeupe. Likitoka kwenye shina la njano, punje inakuwa ya njano. Na upepo hauulizi mpaka wa shamba. Kwa hiyo punje zote hizi mama yao ni mmoja, lakini baba zao ni tofauti. Hindi halifichi kitu."

Ilikuwa elimu safi. Mpaka leo sina neno la kuisahihisha. Nilikuwa nimesimama upande wa wanawake, nikifurahi kwa ile furaha ya mwanafunzi anayesikia jambo likifunguka, ndipo mtani wa baba akanyoosha mkono.

Lazima nimweleze mtu huyu. Baba alikuwa na rafiki mmoja tu wa kweli hapo kijijini, naye alikuwa mtani wake: kabila la babu na kabila lake yeye walitaniana tangu zama za misafara. Mtani ana ruhusa ya kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, ya kukamata kuku wako akaondoka naye, ya kujilaza ndani ya kaburi kwenye msiba wako akatae kutoka mpaka apewe chochote. Na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umevunja utani. Kwa mtu asiye na ukoo karibu, kama baba, hilo halikuwa jambo dogo, kwa kuwa siku ya kufa ni mtani ndiye angesimamia kazi zote ambazo ndugu hawezi kuzifanya kwa sababu ya kilio.

"Bwana shamba, samahani," alisema yule mtani. "Ya mahindi nimeelewa. Mimi naulizia huyu binti wa mtani wangu, yule pale. Huyu naye alipitiwa na upepo wa shamba gani?"

Uwanja mzima ukalipuka. Watoto ambao hawakuelewa kitu nao wakacheka. Mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Wa barabarani Mikumi huko, kwenye malori!"

Baba naye akacheka, maana ndiyo sheria. Akajibu kama inavyotakiwa: "Ulikuwa wa kwenu, mtani, ila ulipofika ulikuwa umeshachoka!"

Kicheko kikaongezeka mara mbili. Bwana shamba mwenyewe aliangalia viatu vyake akitabasamu. Nilimtazama mama. Alifunga kanga yake upya kiunoni, ingawa haikuwa imelegea, na hakucheka.

Tulirudi nyumbani baba akiwa mbele, nasi nyuma. Jioni ile nilimpelekea maji ya kunawa, akaniambia, "Weka hapo, binti." Nilidhani nimesikia vibaya. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Jina la mama yake lilikuwa limenitoka kichwani kama kilemba, na sikujua limeangukia wapi. Nikawa namkuta ananitazama mikono ninapochambua mchele, au miguu ninapotoka kisimani. Mara moja alituita mimi na mdogo wangu tusimame pamoja, akasema anataka kuona nani amekua zaidi. Hakutazama vimo.

Nilimwendea mama jikoni. "Mama, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli anao. Ameishi nao miaka yote." Alichochea kuni. "Mimi nikianza kujieleza, nimekubali kwamba pana swali. Na swali likishaingia ndani ya nyumba haliombi ruhusa ya kukaa."

Nilirudi shuleni Morogoro nikiwa mtu asiyelala wala asiyekaa. Nilitembea uwanjani wakati wa mapumziko, nilitembea bwenini, wenzangu wakaniita saa ya ukutani. Nilimfuata mwalimu wa baiolojia na kumweleza habari ya mahindi. Habari ya watu sikuitaja. Akanichorea jozi za herufi, kubwa na ndogo. Njano huificha nyeupe, alisema. Ndiyo maana ukizipanda zile punje za njano, zilizozaliwa na mama mweupe, na zikachavushana zenyewe kwa zenyewe, utapata njano nyingi, lakini nyeupe itarudi tena, baadhi yake. Haikupotea. Ilikaa kimya.

"Na watu, mwalimu? Wawili weusi wakizaa mweupe?"

Akanitazama, akaelewa zaidi ya nilivyotaka. "Binadamu si hindi," alisema taratibu. "Rangi ya ngozi haitokani na jozi moja. Ni jeni nyingi, nyingine zinaongeza kidogo, nyingine zinapunguza, na mtoto anachanganyiwa upya kila mara kama karata. Ndugu wa tumbo moja na baba mmoja wanaweza kuachana sana. Hasa kama nyuma huko alikuwepo babu au bibi wa rangi nyingine."

"Kwa hiyo inathibitisha?"

"Inakuambia linalowezekana. Lililotokea haikuambii."

Jibu hilo lilinikosesha raha kuliko kama angesema hapana. Baba hakuhitaji linalowezekana. Lakini lile neno *bibi* lilinishika. Kama yule bibi wa kambini alikuwa mweupe, basi mimi si wa upepo, nimerudi tu baada ya kimya. Na alikuwepo mtu mmoja hai aliyemwona: dada mkubwa wa baba, shangazi yangu, aliyekuwa akiwapikia madereva wa malori huko Mikumi.

Likizo ilipofika mama alinipa nauli pasipo kuniuliza naifuata nini. Nilipanda treni ya Kidatu pale Kilosa, nikashuka Mikumi, na njia nzima nilikuwa nimesimama mlangoni ingawa viti vilikuwepo.

Shangazi nilimkuta nyuma ya masufuria, mweusi kama baba, mikono imelowa hadi viwikoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba! Eh, mgeni wangu huyu, amekonda kama fito. Kaa hapo ule kwanza, maneno yako yatapoa lakini wali wangu haupoi."

Sikuweza kula. Nilimmwagia yote, bwana shamba, mtani, kicheko, baba. Alisikiliza akiendelea kupakua sahani za watu. Nikamuuliza: "Shangazi, bibi alikuwa wa rangi gani?"

Mwiko ukasimama.

"Mama yetu?" Alifikiri kwa muda mrefu, na nilimwona akitafuta kwa bidii, kama mtu anayepapasa ndani ya sanduku. "Namkumbuka sauti. Namkumbuka mgongo, maana alinibeba mpaka nikawa mkubwa, watu wakamcheka. Rangi..." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa mtoto, mwanangu. Mtoto haoni rangi ya mama yake. Na kule kwenye mkonge sote tulikuwa wa rangi ya vumbi."

"Huwezi hata kukisia?"

"Naweza kukudanganya. Unataka nikudanganye?"

Nilisema hapana, nikalia, naye akaniacha nilie. Dereva mmoja akauliza nani kamliza mtoto, shangazi akamjibu, "Bei ya nyama, baba, kula unyamaze." Kisha akaketi karibu yangu.

"Anakuitaje siku hizi, baba yako?"

"Binti."

"Mjinga." Alifuta mikono yake. "Kaumwa na utani, mtu mzima. Sikiliza. Kamwambie mdogo wangu hivi: dada yako hana habari ya rangi ya mama, na asingoje nyingine, hakuna mtu mwingine wa kuuliza. Mtani akikuuma kweli, unamwambia basi. Lakini ajue, ukishamwambia mtani basi, umemuaga. Achague."

Nilizifikisha salamu hizo neno kwa neno. Baba alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Aliuliza kama dada yake ni mzima, nikasema ni mzima. Akaendelea kugonga mpini, ingawa ulikuwa umekwisha kukaza.

Siku ya kazi za shamba la kijiji ilipofika tulikwenda wote kupalilia, safu kwa safu. Mtani alikuwa safu ya jirani, ana furaha yake ya kila siku. Naamini hata leo kwamba hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anampenda baba, na hiyo ndiyo lugha aliyokuwa nayo ya kumpenda.

"Binti Upepo karudi!" aliita. "Haya, tuambie, huko shule wamekuonyesha baba yako analima shamba lipi?"

Watu wakaanza kucheka, wakingoja baba ajibu. Baba aliacha kulima.

"Mtani, basi."

"Basi la Mikumi au la Morogoro?"

Kicheko kikapanda. Baba akasubiri mpaka kikaisha chenyewe, na hakuchangia hata kidogo. Jembe alilishika kwa mikono yote miwili.

"Nimesema basi. Huyu ni mwanangu."

Mtani alimtazama kama anayetafuta mahali mzaha ulipojificha. Alipoona haupo, uso wake ukalegea, ukazeeka.

"Sawa, bwana," alisema. Hakusema mtani. Akainama, akaendelea na safu yake.

Mchana mama alimpakulia baba chakula, akaketi kando yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi.

"Umechelewa," alimwambia.

"Nimechelewa."

Baba hakuwa amepata ushahidi wowote, wala hakumuuliza mama swali lolote, si siku ile wala baadaye. Alikuwa ameamua mahali ambapo baiolojia yangu yote ingeweza kumpa neno "labda" tu. Nilitaka nitulie. Nilikuwa nimekipata nilichokisafiria hadi Mikumi nikiwa nimesimama mlangoni.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa njiani kwenda mtoni, baba na mimi, tukakutana na yule mzee aliyekuwa mtani wa baba, ana kibuyu chake. Siku zote angekuwa ameanza kutukana tangu akiwa mbali. Alitupisha njia, akavua kofia.

"Habari za asubuhi, bwana."

"Nzuri, bwana. Za kwako?"

"Nzuri."

Nikamwamkia, akaitikia kwa upole, akapita. Baba aliongeza mwendo, hata nikalazimika kukimbia kidogo ili nisiachwe; lakini miguu yangu ilitaka kurudi nyuma, imfuate yule mzee, nimshike shati, nimwombe anitukane.