Namba Kumi na Nne

Vijana wanaopaka rangi za kucha hupita mtaani kwetu wakigonganisha vichupa vyao, na kila ninapoisikia harufu ile, kali ya kuchoma pua, hasira hunipanda. Msinicheke. Kwa wanawake wengine ni harufu ya harusi. Kwangu ni harufu ya baraza la Tonton Ramazani, hapo Kamalondo, nilipokuwa na miaka tisa.

Tonton, mdogo wake baba, alikuwa fundi wa saa. Lakini alikuwa na kazi ya pili, aliyoipenda zaidi: alitengeneza wadudu wa bandia, chambo cha kuvulia samaki, kwa ajili ya mhandisi mmoja aliyekuwa akivua mitoni upande wa Mokambo. Aliifunga ndoana kwa uzi mwembamba, akaivisha manyoya ya shingo ya jogoo, akamalizia kichwa kwa tone la rangi ya kucha. Mdudu wa namna hiyo sharti aelee juu ya maji akisimama kwa ncha za manyoya yake. Akizama, si kitu, ni takataka.

Mimi nilikuwa mchagua manyoya. Tonton alinifundisha vipimo nikavijua kuliko sala zangu: mkia ulingane na mguu wa ndoana, ile sehemu iliyonyooka, na manyoya ya shingoni yawe mara moja na nusu ya upana wa mdomo wake, pale inapopinda. Alisema nina jicho la fundi. Nilitembea nalo mtaani jicho hilo, nikiringa.

Siku zote alitumia ndoana za pakiti ya bluu, namba kumi na nne. Zilipokosekana, akarudi kutoka Mokambo na pakiti nyekundu, namba ileile. Mhandisi alipoulizia za bluu, Tonton alimjibu kwamba namba ni moja, kwa hiyo ndoana ni moja. Ndivyo saa zilivyomzoesha: kipuri chenye namba fulani kinaingia, nani amekitengeneza haidhuru.

Basi nikazilaza zote mbili kwenye daftari langu la hesabu. Mguu wa ile ya bluu ulifika miraba mitatu. Wa nyekundu ulipita minne, mdomo wake ulikuwa mpana zaidi, na waya wake mnene. Manyoya niliyochagua kwa kipimo cha zamani yalikuwa mafupi kwake, kama kaptula ya mdogo wako. Nikajaza beseni maji. Mdudu wa bluu alielea. Mwekundu alikwenda chini moja kwa moja.

Nilimwonyesha Tonton. Hata kioo chake cha jichoni hakukiondoa.

“Namba ni namba,” alisema. “Weye chagua manyoya.”

Ijumaa, watu wametoka kuswali, baraza limejaa wanaosubiri saa zao, mhandisi akaja na kopo la wadudu wa pakiti nyekundu. Akaomba beseni, akawamwaga wote mle. Wakazama mbele ya macho ya watu.

“Vieux,” alimwita, yaani mzee, tena kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi, “mikono yako inaisha kuchoka.”

Eti imekwisha kuchoka! Mikono ile! Mikono iliyoweza kurudisha skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi! Sikuvumilia.

“Si mikono yake! Ni ndoana njo iko nzito! Nilimuonyesha Tonton, alikatala!”

Baraza zima lilinigeukia. Tonton akasimama taratibu, uso umekauka.

“Omba papa pardon. Sema ulidanganya.”

Nilimtazama nikidhani anatania. Akarudia. Nikapiga magoti kwenye saruji, nikamwomba mhandisi msamaha, nikasema nilidanganya. Kuanzia siku ile watoto wa mtaa waliniita Mwongo, na mama jirani aliyezoea kunituma mafuta akaanza kumtuma mwanawe. Tonton aliyaona yote hayo. Akaacha yaendelee.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipomuuliza. Alikuwa amestaafu, anakaa Kasungami na kuku wake. Sikuzunguka. Nilimuuliza kwa nini.

Alijibu akiwatazama kuku wake. “Mikono ikichoka, bantu banasikia huruma. Lakini fundi mwenye mutoto alimuonyesha, akakatala kusikia? Huyu banamuchekaka mpaka kufa.”

“Na miye?”

“Weye ulikuwa mutoto,” alisema. “Nilizani utasahau.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote hiyo niliamini kwamba nilimtetea, kumbe nilimwanika mbele za watu, na yeye akaona ni nafuu aitwe mzee kuliko aitwe mkaidi. Namwelewa. Hata huruma namwonea. Lakini msamaha nimeutafuta moyoni sijaupata, na msinihimize. Nilipima kwa miraba, nikajaribu kwa maji, nikasema nilichokiona. Siku ile nilisema uongo mmoja tu, na nilifundishwa na yeye, nikiwa nimepiga magoti.