Aliyeonja Kwanza

Tulikuwa wanne kwenye duka la vinywaji, Tabata: mwenye duka, mama aliyetafuta wiski ya sendofu, sherehe ya kumuaga bintiye anayeolewa, mzee mwonjaji aliyestaafu kiwanda cha bia, na mimi niliyefuata soda.

"Baba, niambie kama ni halisi," mama alimsihi mzee. "Nisije nikawaua wageni wangu."

Mwenye duka akamimina kidogo kwenye glasi. Mzee hakuigusa.

"Kwetu Rombo, mpika pombe ya mbege huonja kwanza. Wewe muuzaji, onja."

"Mzee, mie nimeokoka. Sinywi."

"Umeokoka, na unauza?"

Mama alicheka. Mzee hakucheka. Aliisogeza glasi mbele ya kiti kitupu kushoto kwake, akaweka mikono magotini, akasubiri. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Haya, ameonja."

"Nani?" mama akauliza.

"Marehemu mama yangu. Ndiye aliyenifundisha kuonja."

Akainusa, akaonja, akatema. "Ni halisi. Chukua."

Shuleni kwetu, enzi za mkoloni, tulichapwa kwa kuamini mambo kama haya. Lakini nilikuwa karibu: kabla mzee hajaiinua, wiski ilikuwa imepungua.

Sendofu ilifanyika Jumamosi na wageni wote waliamka salama. Mzee mwonjaji alifariki Jumapili asubuhi; nadhani mama yake alirudi kumchukua.