Mama Alipowafukuza Tembo Hifadhini

Mama yangu alikuwa hawezi kusujudu tangu alipoanguka kutoka kwenye dungu, jukwaa la kulindia shamba. Ni mkulima wa Njinjo. Msimu ule tembo walikuja usiku kula mahindi yake, naye akawa juu ya dungu anapiga debe kuwafukuza, kama afanyavyo kila mwaka. Tembo mmoja akasukuma nguzo. Mama alinusurika, alhamdulillahi, lakini magoti hayakurudi. Akawa anasali juu ya kigoda, na kila akitoa salamu huutazama mkeka kama mtu aliyenyimwa chakula.

Aliposikia kwamba ndani ya hifadhi kuna chemchemi ya maji moto, na kwamba maji yale yanalainisha viungo, hakunipa raha. Mimi nauza vitambaa Kilwa Masoko, safari si tatizo kwangu, ila nilijua kwamba njia ya kule inapita kwa wabaya wake. Nikamwambia.

"Mimi nafuata maji," akajibu. "Hao wana nini na mimi?"

Getini askari wa hifadhi alipanda gari letu la kukodi, akakaa mbele na bunduki yake. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, baba." Mambo yakawa shwari. Twiga tukawaona, mama akawasifu kwa miguu yao mirefu. Viboko akawacheka. Nikajiona binti mwema kabisa, nimetulia natafuna karanga.

Tukakata kona, tembo hao barabarani, kundi zima na watoto wao. Dereva akazima injini. Askari akaweka kidole mdomoni, tukae kimya. Sijawahi kuwa karibu na mnyama mkubwa kiasi kile. Nilikuwa naziona kope zake. Ndipo nikasikia kelele za bati nyuma yangu. Mama ameshika mfuniko wa sufuria yetu ya pilau kwa mkono mmoja, upawa kwa mkono mwingine, anapiga kwa nguvu zake zote.

"Tokeni! Tokeni shambani kwangu!"

Jike kubwa likageuka, likatanua masikio, likaja. Dereva akawasha gari, tukarudi kinyumenyume tukigonga visiki, pilau ikanimwagikia mapajani. Nilitoa shahada nikijua ndiyo ya mwisho. Jike lile likasimama karibu kabisa na bampa, likapuliza vumbi, likaenda zake. 

Askari akageuka, uso umempauka. "Tunarudi getini," akasema. "Bibi, huku ni kwao. Ukija kwao hupigi kelele."

Niliona aibu, na hasira pia, maana maji tuliyoyafuata ndiyo yameshatuponyoka. Mama alikuwa bado kashika upawa.

"Sawa, baba," akasema kwa upole. "Na wao wakija kwangu, huwa mnawaambia nini?"

Askari akayatazama magoti ya mama, tuliyoyafunga kwa vipande vya kanga kuukuu. Kisha akamwambia dereva, "Twende kwenye maji."

Maji yalikuwa yanatoka mwambani yakifuka moshi. Nikachovya kidole pale juu nikakitoa mbio, maana yangeweza kuivisha yai. Chini zaidi, yalikopoa, mama akaingia na kanga yake, akakaa humo mpaka alasiri. Alipotoka nikamsaidia kuvaa, nikamwekea kigoda, akasali juu yake kama siku zote. Sikutegemea muujiza, na sikuuona.

Alipotoa salamu nilikuwa nimempa mgongo, nakamua kanga. Nikasikia kishindo. Kugeuka, kigoda kimelala ubavu, na mama yuko chini.

Nilipiga yowe. Hofu iliyonishika pale ilizidi ile ya tembo. Mimi na askari tukakimbia, yeye akamshika mkono mmoja, mimi wa pili, tukamwinamia tumnyanyue. Ndipo nikaona kwamba hakuanguka. Magoti yalikuwa yamekunjika chini yake, na paji la uso liko mchangani.

"Msiniinue," akasema bila kugeuza kichwa. "Niacheni kidogo."