Wageni wa Winfrida Walioishia Kanisani

Winfrida ni jirani yangu. Shamba lake na langu yanatenganishwa na mfongo tu, ule mfereji wa maji tulioachiwa na wazee, na kwa miaka thelathini sijaona mtu mbishi kama yeye hapa Marangu. Akishika jambo haliachii, hata ulie.

Safari hii jambo lilikuwa wageni. Tangu mume wake Efraimu afariki, alikuwa akiishi kwa kupokea watalii nyumbani. Wanachuma buni, wanakaanga, wanatwanga kwenye kinu huku akiwaimbisha, kisha wanakunywa kahawa na kula mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama. Wote waliletwa na Jovin, mwongoza watalii. Mwaka jana Jovin akafungua shughuli kama hiyo nyumbani kwake, na kwa Winfrida pakapoa. Zikapita wiki sita bila mgeni hata mmoja.

"Nikishindwa hili, Magdalena, narudi kubeba ndizi sokoni," aliniambia, "na mgongo huu hauwezi tena. Lazima wageni wanione wenyewe kwenye simu zao."

Tukateremka Marangu Mtoni kwa Gladness, binti mwenye stesheneri.

"Shikamoo, mama Davis," akamwamkia Winfrida kwa jina la mwanawe, kama tunavyomwita sote.

"Marahaba. Niweke kwenye ramani."

Gladness hakucheka, Mungu ambariki. Akajaza jina, namba ya simu na picha ya kinu kwenye ramani ya intaneti, na kwenye orodha mbili ambazo watalii huzitazama. Kisha akauliza mahali penyewe ni wapi. Winfrida akajibu kama tunavyojibu sote huku: "Usharikani." Nami, mjinga wa pili, nikaitikia. Nani kwetu huelekezwa kwa njia nyingine? Unafika kanisani, unauliza, unaonyeshwa. Gladness akaweka alama juu ya paa la kanisa.

Jumapili iliyofuata wakaja watalii wawili, mke na mume. Simu iliwafikisha mlangoni mwa kanisa, wakaingia, wakakaa ibada nzima. Winfrida mwenyewe alikuwa benchi la mbele yao, na kitenge chake kipya, akidhani ni wageni wa mchungaji. Baada ya ibada mazao ya sadaka yakanadiwa nje kama kawaida, nao wakaamini ndiyo shughuli waliyoifuata. Wakanunua mkungu wa ndizi na jogoo. Siku ya pili Gladness akatusomea maoni yao: nyota tatu, kwaya nzuri, jogoo mzuri, kahawa hatukuiona.

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Winfrida hakucheka.

Wala hakucheka Eliezeri, shemeji yake, ndugu wa Efraimu, ambaye ni mzee wa kanisa. "Mama Davis, umegeuza usharika kuwa mgahawa?" alifoka mbele za watu, na tangu siku hiyo hakumsalimia. Lilikuwa baya kuliko lilivyoonekana. Ili kuhamisha alama, ramani ilidai video isiyokatwa, kuanzia barabarani, ikionyesha kibao chenye jina la biashara na mwenyewe akifungua mlango wake. Kibao hakikuwepo. Na kihamba kile, yaani shamba la urithi, ni cha ukoo wa mume. Kusimika jina la mke barabarani bila neno la Eliezeri ni kutafuta ugomvi wa bure.

Nilimshauri aandike "Kwa Efraimu" yaishe.

"Efraimu hakaangi kahawa," alisema. "Amelala kaburini pale kwenye masale, apumzike. Anayekaanga ni mimi."

Akampa fundi ubao, ukaandikwa kwa rangi ya bluu: KWA WINFRIDA, KAHAWA. Asubuhi moja akakata jani la isale, ule mmea tunaoupanda makaburini na mipakani, akalifunga fundo, akaenda nalo kwa Eliezeri. Nilimfuata, sikutaka kuhadithiwa. Kwetu mtu akikuletea isale kukuomba msamaha huwezi kukataa, hata kama moyo unachemka. Eliezeri akalipokea lile jani.

"Umenisamehe, shemeji?"

"Nimekusamehe."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama Davis. Isale si mchezo."

"Aika, asante. Basi njoo unipigilie kibao, maana mimi nyundo siijui."

Eliezeri akanigeukia kama vile ningeweza kumwokoa, nami nikatazama migomba. Mwishowe akaenda kuchukua nyundo. Alipigilia misumari sita na kunung'unikia kila mmoja, lakini kibao kilipopinda alikinyoosha bila kuombwa.

Video nilipiga mimi. Ya kwanza ilikataliwa kwa sababu kidole changu kilikuwa kimeziba kibao, na maneno niliyoambiwa siku hiyo sitayaandika. Ya pili ikapita.

Siku alama ilipohama, Winfrida alinituma barabara kuu na simu yangu. "Njoo kama mgeni. Jifanye hunijui, fuata simu tu, usitumie akili yako."

Nikafuata. Simu ikanipitisha kanisani bila kusimama, ikanivusha mfongo, ikanikunja kushoto kwenye kibao cha bluu, ikanipeleka kando ya masale hadi uani. "Umefika," ikasema.

Winfrida alikuwa mlangoni, amevaa kile kitenge kipya. Alininyoshea mkono.

"Karibu sana, mgeni. Mimi naitwa Winfrida."

Katika miaka yote hiyo thelathini nilimwita mke wa Efraimu, na Davis alipozaliwa nikamwita mama Davis; jina lake mwenyewe sikuwahi kumwita. Nikampa mkono.

"Asante, Winfrida," nikasema, nikaanza kulia kama mpumbavu. Naye akanivuta ndani, akisema kahawa inapoa.