Msajili Aliyefungisha Ndoa Bila Ndiyo

Msajili wa ndoa wa mji ule, waliomzoea walimwita Bwana Nukta, na jina hilo hakulichukia. Alilipata wiki yake ya kwanza kazini, aliporudisha cheti kilichokwisha kutiwa saini kwa sababu sentensi ya mwisho ilikosa nukta. Bwana harusi alikuwa anatokwa jasho, jamaa zake wanangoja chini na ngoma, lakini Bwana Nukta alichovya kalamu taratibu, akaitia nukta yake, akaiacha ikauke.

Tangu siku hiyo ilipita miaka ishirini na sita. Ofisi ilikuwa ileile, ghorofa ya pili: viti sita vya plastiki, daftari kubwa lenye jalada jekundu, na dirisha lililogoma kufunguka tangu lilipopakwa rangi. Mwenzake humo ndani alikuwa mpiga chapa, mama mtu mzima mwenye ulimi mkavu.

Ndipo ikaja kura ya maoni ya kubadili serikali. Swali lilikuwa na maneno sitini na nane, na watu wengi walilijibu bila kufika la ishirini. Ndiyo ikapata asilimia hamsini nukta sifuri nne.

"Umeona?" kinyozi wa ghorofa ya chini alimwambia Bwana Nukta asubuhi ya matokeo. "Nchi nzima imening'inia kwenye nukta. Fani yako hiyo."

Walioshindwa wakaenda mahakamani. Walioshinda nao wakaenda, wakidai wametangaziwa kidogo kuliko walivyoshinda. Serikali ya zamani ikasema imeshaondoka ila bado ipo. Kinyozi akabandika tangazo mlangoni: HAPA TUNANYOA PANDE ZOTE MBILI. Nyumbani, mke wa Bwana Nukta, ambaye ni mshonaji, alikuwa amepiga Hapana na akatangaza mtaa mzima. Bwana Nukta alipiga Ndiyo akanyamaza kimya.

"Miaka thelathini nafua mashati yako," mkewe alimwambia, "halafu unifiche kikaratasi?"

Hawakugombana. Ila kila mkewe alipomuuliza kama anataka chai nyingine, Bwana Nukta alisukuma kikombe mbele.

Wiki ya tatu ukaja waraka kutoka makao makuu. Kwa ajili ya kulinda utulivu, ulisema, mtumishi yeyote wa umma asitamke neno Ndiyo wala neno Hapana akiwa kazini, wala asiruhusu maneno hayo yatamkwe ndani ya jengo la serikali, mpaka mahakama itakapoamua.

Mpiga chapa aliusoma mara mbili. "Mtu akiniuliza kama choo kiko chini, nimjibu nini?"

"Mwambie kiko chini."

"Na akiuliza kama kiko juu?"

Bwana Nukta alifikiri. "Mpeleke."

Choo kilikuwa jambo dogo. Sheria ya ndoa ilitaka kila mmoja aulizwe kama anamkubali mwenzake, naye ajibu kwa kinywa chake, kwa neno bayana. Bwana Nukta akamwandikia mkurugenzi kuomba mwongozo. Jibu lilirudi siku ya pili: "Endelea na kazi kama kawaida, ukizingatia hali isiyo ya kawaida."

Jumanne wakaingia wa kwanza, fundi wa kuchomelea vyuma na muuguzi wa zahanati. Bwana harusi alisindikizwa na mjomba wake, aliyekuwa mpiga debe wa Hapana. Bibi harusi alikuja na mama yake, wa Ndiyo kufa na kupona, aliyekuwa amegeuza fulana ya kampeni ndani nje ili kutii waraka.

"Je, unamkubali huyu awe mkeo?"

Fundi alifungua kinywa. Akamtazama mjomba, akautazama waraka ukutani, akakifunga. Akakifungua tena.

"Sana," alisema.

Kalamu ya Bwana Nukta ilisimama hewani. "Sana ni neno bayana?"

"Mume wangu mimi alisema lile lingine, bayana kabisa," alidakia mpiga chapa, "na baada ya miezi minne sikumwona tena. Andika."

Akaandika. Akamgeukia bibi harusi, akamuuliza vilevile.

"Kwani mzee," alisema muuguzi, "unadhani nimeomba ruhusa kazini nije kuangalia dirisha?"

Bwana Nukta akamtazama mama mtu.

"Hapo ndipo anapokubali," mama alisema. "Akikataa haongei."

Basi akayaandika maneno yote kama yalivyotamkwa, na mwishoni akaweka alama ya kuuliza. Kwa miaka ishirini na sita daftari lile halikuwahi kubeba alama hiyo. Akaiacha ikauke, akampa bibi harusi kalamu atie saini.

Habari zikaenea. Wachumba wakaanza kuja na majibu waliyoyaandaa nyumbani. Mmoja alisema, "Tangu darasa la saba." Mwingine, "Huyuhuyu, hata kama kuna wengine." Dereva mmoja wa lori alijibu, "Muulize yeye kwanza," na mwenzake akajibu, "Nami nasubiri yeye," na shughuli ikachukua saa nzima. Bwana Nukta aliandika kila neno. Mchana, watu wakiisha, alijikuta anarudi nyuma kurasa kadhaa kusoma, akicheka peke yake, mtu ambaye kicheko chake mpiga chapa hakuwahi kukisikia.

Malalamiko hayakukosa. Mjomba wa fundi aliandika barua kwamba "Sana" ni Ndiyo iliyovaa kanzu. Akaletwa mkaguzi. Alikaa siku mbili na daftari, ndoa arobaini na moja, uso mkavu kama gome.

"Huyu aliyejibu 'Tutaona'," aliuliza mwishoni, "ulimwozesha?"

"Nilimwahirisha."

"Ulifanya vyema," alisema mkaguzi, akaomba maji ya kunywa.

Baada ya miezi minne mahakama ikatoa uamuzi: kura si batili, wala si halali kwa sasa, na itarudiwa tarehe itakayotangazwa. Maneno mawili yakafunguliwa. Lakini makao makuu yakaagiza wanandoa wote walioozwa chini ya waraka ule warudi wajibu upya kwa neno sahihi, na majibu ya awali yafutwe.

Wengi walikuja wakinung'unika. Fundi na muuguzi walikuja Alhamisi, na mjomba na mama walewale, yeye muuguzi tumbo limeanza kuonekana. Fundi alijibu "Ndiyo" bila kupepesa macho. Zamu ya mkewe ikafika.

"Subiri kwanza," alisema muuguzi. "Mara ile niliulizwa sijui kitu. Sasa nimekaa naye." Akamgeukia mumewe. "Yale mabuti ya kazi yatabaki nje ya mlango?"

"Yatabaki."

"Na mjomba atabisha hodi kabla ya kuingia?"

Fundi akamwangalia mjomba. Mjomba aliyaangalia mafaili ukutani kama mtu anayetafuta jina lake.

"Nitabisha," alisema hatimaye.

"Basi, ndiyo," alisema muuguzi, na mama yake akaachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu mlangoni.

Jioni ile mpiga chapa alileta rula na wino mwekundu ili wafute majibu ya zamani. Bwana Nukta alilifungua daftari, akasoma kurasa tatu, nne, akalifunga.

"Waandikie kwamba agizo limepokelewa," alisema.

"Na limetekelezwa?"

"Hilo hawajauliza."

Alistaafu mwaka uliofuata, tarehe ya kura ikiwa bado haijatangazwa. Siku ya kumkabidhi ofisi msajili mpya, binti mmoja mpole aliyetoka chuoni, Bwana Nukta alimwonyesha funguo, mihuri, na namna ya kukaa bila kutikisa meza. Kisha akalivuta daftari jekundu karibu yake, akavaa miwani.

"Keti mwanangu," alisema. "Kabla sijaenda, nikusomee kidogo."