Mama Mkwe wa Tamthilia

Juzi nilikuwa Somanga nikisubiri basi la Lindi, nimekaa kwenye benchi la mama mmoja anayekaanga samaki. Mbele yangu alikaa mke wa mwanawe, simu mkononi, akimchezesha mchezo wa maswali. Ukimaliza kujibu, simu inakwambia wewe ni nani katika tamthilia ya jioni.

"Mama, mgeni akichelewa chakula utamngoja?"

"Simngoji. Alikuwa wapi?"

"Na mke wa mwanao akiunguza wali?"

Mama akageuza samaki kwanza. "Namwambia papo hapo, hata mbele ya watu."

Simu ikatoa jibu. Nililiona juu ya bega la binti: picha ya yule mama mkwe mkorofi anayechukiwa mtaa mzima. Binti akafunika kioo kwa kiganja, akajifanya anasoma. "Umetoka yule nesi mpole, mama, anayelea yatima."

"Alhamdulillahi," mama akajibu, akampakulia samaki mnono kuliko wangu.

Mimi uongo hunikera, lakini huo niliumeza pamoja na samaki wangu mwembamba.

Binti alipokwenda kuchota maji, mama akaniinamia. "Kanisomea sivyo yule. Nijibu kwa ukali wote ule, halafu niwe nesi?"

Akacheka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Wenzangu hutuma mshenga. Huyu nilikwenda kumposa mwenyewe."